Niache kazi ya maabara mgodini nikasome uzamili wa kemia?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27. Nilihitimu shahada ya kwanza ya kemia mwaka 2021 kwa GPA ya 3.6. Tangu 2022 niko kwenye maabara ya mgodi mmoja wa dhahabu Kanda ya Ziwa, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja na zamu za saa 12. Kazi yangu ni kuandaa sampuli na kusoma dhahabu kwenye AAS, mashine inayopima metali kwa mwanga. Nataka kuacha nikasome uzamili wa kemia, lakini sijui nichukue kemia ipi wala itanifikisha wapi. Ndoto yangu ni kufundisha chuo kikuu. Mama anapinga, anasema binti wa mjomba ana uzamili na yuko nyumbani anauza vitenge. Na je, nikisoma, naweza kutumia sampuli za mgodini kwenye tasnifu yangu? Mpimaji wa zamu ya usiku, Geita.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilijikuta nimeegemea upande wa mama. Ameona jambo ambalo sisi walimu tunalikwepa: uzamili wa kemia peke yake haumwajiri mtu. Siku ukikutana na binti wa mjomba, muulize kwa upole, bila kumsimanga, katika miaka yake ya uzamili ni mashine gani aliweza kuiwasha mwenyewe, akaitengenezea viwango, akapima, na akalitetea jibu lake bila kumwita fundi. Nimekaa upande wa wauliza maswali kwenye usaili mwingi. Wanakuja vijana wenye alama nzuri, na ukimuuliza mmoja wao kuhusu GC-MS, mashine ya kutenganisha na kutambua viambata, aliyoiandika kwenye wasifu wake, unagundua alipeleka vichupa dirishani, wiki tatu baadaye akapewa karatasi yenye vilima vya grafu. Vilima hivyo alivinakili kwenye tasnifu. Mwajiri hana cha kufanya na mtu huyo ambacho asingekifanya na aliyemaliza shahada ya kwanza juzi.

Simcheki. Nami nilipita njia hiyohiyo. Nilitenganisha viambata vya mizizi ya mti mmoja wa misitu ya Pwani, nikavisafisha hadi vikawa unga mweupe, kisha nikakaa miezi saba nikisubiri spektra za NMR, yaani picha za mashine inayoonyesha umbo la molekuli, kutoka Ulaya, kwa sababu mashine ya hapa ilikuwa imekufa na fundi wake hakuwa nchini. Barua ikaja: kiambata kinafahamika tangu zamani, na kimeshachapishwa. Uzamili wa miaka miwili ukaniishia mwaka wa nne. Kwa hiyo ninayokwambia hapa chini ni ya mtu aliyeungua, si ya msomaji wa matangazo ya vyuo.

Nianze na ndoto ya kufundisha, maana ndiyo yenye habari ngumu. Matangazo mengi ya vyuo vikuu vya umma nchini kwa nafasi za kuanzia yanataka GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza, na 4.0 kwa uzamili kwa anayeomba kuwa mhadhiri msaidizi. Wewe una 3.6. Ni daraja la pili la juu, halali kabisa, na inakuvusha bila wasiwasi mlango wa kudahiliwa, ambako kwa kawaida wanaangalia 2.7 kwenda juu. Lakini uzamili hata uwe wa 4.8 haubadilishi namba ya shahada ya kwanza. Hiyo imeshaandikwa. Njia zilizobaki za kufundisha ni vyuo binafsi vyenye masharti tofauti, vyuo vya kati, au kurudi baadaye na uzamivu na machapisho yako mkononi, kwa nafasi za utafiti zaidi kuliko za darasani. Zipo, ila usiache mkate wako leo kwa kuamini kwamba lango kuu litafunguka. Wapo watakaokwambia "nenda tu, Mungu atafungua". Mungu hufungua, lakini mfumo wa maombi ya ajira unachuja kwa namba.

Sasa twende kwenye ulichonacho, ambacho nadhani hukioni. Miaka mitatu umekuwa ukiyeyusha miamba kwa madini ya risasi tanurini, ukapata kishanga cha dhahabu na fedha, ukakitia asidi, ukasoma mashine, na usiku wa manane ukaamua kama sampuli iliyopimwa mara ya pili imekubali au irudiwe. Unajua sampuli iliyochafuka inavyonuka kwenye namba kabla hata hujajua sababu. Wanafunzi wangu wa uzamili wanahitaji mwaka mzima kufika hapo, na wengine hawafiki. Ulichokosa ni nadharia iliyo chini ya kazi yako: kwa nini kikomo cha mashine ni kile, shaka ya kipimo inakokotolewaje, njia mpya inathibitishwaje kabla ya kuaminiwa. Maabara inayotaka ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, inaulizwa mambo hayohayo. Kwa hiyo kemia yako ni kemia ya uchambuzi, ikiegemea mazingira. Sikushauri kuruka kwenda kwenye kemia nyingine kwa sababu jina lake linavutia.

Na swali la utafiti unalo mlangoni kwako. Umekaa Geita, unajua wachimbaji wadogo wanavyofanya: mawe yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa mwaloni, pale pa kuoshea dhahabu, dhahabu inakamatishwa kwa zebaki. Zebaki inaacha dhahabu nyingi nyuma, ndiyo maana marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa, yana bei, na yananunuliwa na wachenjuaji wenye matangi ya sayanaidi, sumu inayoyeyusha dhahabu. Shida iko hapo. Marudio yale yana zebaki ndani yake, na sayanaidi haichagui dhahabu peke yake. Inaishika na zebaki, inatengeneza nayo kiambata kinachoyeyuka majini. Kilichokuwa kizito kimetulia kwenye tope sasa kinasafiri na maji. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, umeliweka jambo hili wazi miongoni mwa vitendo vya kukomeshwa: kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza. Tanzania ni mwanachama. Kwenye karatasi limeisha.

Uwanjani bado kuna maswali ambayo mwanafunzi mmoja wa uzamili anaweza kuyabeba. Katika tangi la kawaida la mchenjuaji, ni sehemu gani ya zebaki inayeyuka baada ya saa 24, 48 na 72? Mkaa unaonasa dhahabu unanasa zebaki kiasi gani, na inakwenda wapi mkaa ule ukichomwa? Maji ya tangi yakimwagwa, ni umbali gani hadi kipimo kirudi chini? Hayo yanahitaji AAS yenye kifaa cha mvuke baridi, kinachoigeuza zebaki kuwa mvuke ili ipimwe, mikono inayojua kuandaa sampuli, na mtu ambaye wachenjuaji hawatamkimbia kwa sababu anazungumza lugha yao. Huyo ni wewe. Usitie ndani samaki, nywele za watoto na udongo wa mashamba kwa mpigo. Tasnifu nyingi hufa kwa ulafi. Na usiahidi zebaki ya kikaboni, ile inayopanda kwenye samaki, mpaka uhakikishe chuo kina mashine ya kuitenganisha. AAS yako inaona zebaki yote kwa jumla, haijui ipi ni ipi.

Usidhani nazidharau kemia nyingine. Kemia ya mazao asilia, yaani ya viambata vya mimea na viumbe, imewalea wakemia wengi wa ukanda huu. Mtandao wake wa Afrika Mashariki na Kati, NAPRECA, umekuwepo tangu 1984, na hapa Afrika kazi ya kutafuta dawa imefika mbali: Mzambia Kelly Chibale alianzisha kituo cha H3D pale Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2010, kinachotafuta dawa mpya za malaria na kifua kikuu kwa timu kamili ya wakemia na wanabiolojia. Pale icipe, kituo cha utafiti wa wadudu Nairobi, wakemia wanasoma harufu: mmea gani unamfukuza nondo wa mahindi, upi unamvuta. Ndiko ulikotoka mfumo wa kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya matembo pembeni. Kama ungekuwa na miaka 22 na moyo wako uko kwenye mimea, ningekusukuma huko. Kemia ya vifaa nayo ipo, na kwetu ina historia ya kuchekesha kidogo: kwa miaka mingi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakichunguza mafuta ya ganda la korosho, na mmoja wa waliopata uzamivu kwa kazi hiyo, mwaka 2009, juu ya kutumia asidi ya mafuta hayo kuzuia kutu, alikuwa waziri wakati huo na baadaye rais: John Magufuli. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa kemia na hisabati Sengerema, kisha mkemia wa chama cha ushirika Mwanza. Sikutajii hili ili ukagombee. Nakutajia kwa sababu ganda la korosho lilikuwa taka, likawa swali, swali likawa shahada, na mafuta yale bado yana soko. Marudio yako yako kwenye hatua ile ya kwanza.

Uliuliza itakufikisha wapi. Nitasema ninakokujua.

Mgodini hapohapo, si mbali. Ngazi ya mkemia mgodini ni fupi: mpimaji, kiongozi wa zamu, mkuu wa maabara, basi, na mkuu ni mmoja. Wanaopanda ni wahandisi wa uchenjuaji, kwa sababu wao ndio wanaobadilisha kiasi cha dhahabu kinachotoka, sisi tunaripoti tu. Kama nia yako ni kubaki kwenye dhahabu, uzamili wa uchenjuaji wa madini una faida kuliko wa kemia. Nasema hivi nikijua wenzangu watanuna. Upande mmoja tu wa mgodi unamhitaji mkemia mwenye uzamili: mazingira. Sayanaidi ya bwawa la marudio lazima ipimwe kila siku, na kanuni ya kimataifa ya sayanaidi migodini inaangalia kiwango cha miligramu 50 kwa lita kwenye maji yaliyo wazi kwa ndege na wanyama. Mtu anayeweza kutofautisha sayanaidi huru, ile iliyoshikwa kilegevu na metali, na ile ya jumla, halafu akaeleza kwa nini namba tatu hazifanani, hakai bila kazi.

Serikalini ndiko uzamili wa uchambuzi una nyumba nyingi. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Shirika la Viwango (TBS), Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, mamlaka za maji, Tume ya Nguvu za Atomiki na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu pale Arusha. Fahamu mapema kwamba matangazo mengi ya Mkemia Daraja la II yanaomba shahada ya kwanza tu, kwa hiyo uzamili wako hautakuingiza kwa mshahara wa juu siku ya kwanza. Utakusaidia kwenye usaili, hasa wa vitendo, na miaka ya mbele wakati wa kupanda au kupewa kitengo. Umri usikutishe, ukomo unaowekwa mara nyingi ni miaka 45. Kazi kwa Mkemia Mkuu ina jambo moja ambalo vyuo havifundishi: unaweza kuitwa mahakamani. Unga umekamatwa, wewe ndiye uliyepima, wakili wa utetezi amesimama mbele yako. Hatakuuliza GPA. Atakuuliza bahasha ilifika imefungwaje, nani aliipokea, ilikaa wapi usiku ule, na unajuaje kwamba mashine haikukosea. Mtu aliyezoea daftari la zamu, akaandika saa na sahihi yake bila kusahau, anajibu bila jasho. Kumbuka pia kwamba tangu sheria ya wanataaluma wa kemia ya 2016, taaluma hii ina usajili wake. Kama bado hujasajiliwa, anza sasa hivi na shahada uliyonayo.

Eneo ninaloliona likinenepa ni mabaki ya viuatilifu kwenye mazao ya kuuza nje. Parachichi ya Njombe na Rungwe ikienda Ulaya inakutana na sheria kwamba kiuatilifu kisichowekewa kiwango chake kinahukumiwa kwa miligramu 0.01 kwa kilo. Ni gramu 10 katika tani 1,000 za matunda. Kipimo cha namna hiyo hakifanywi na AAS. Kinafanywa na LC-MS/MS au GC-MS/MS, mashine zinazotambua viambata vidogo sana, mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Mkemia akikosea kidogo kuelekea juu, kontena la mkulima linazuiwa bure. Akikosea kuelekea chini, linarudishwa kutoka bandarini Ulaya. Ndiyo maana nakwambia, katika muda wa uzamili, hata kama tasnifu yako ni ya zebaki, jipenyeze popote penye mashine hizo. Omba kuosha vyombo vyake ukibidi.

Viwanda vya saruji, sukari, bia, rangi na sabuni vinaajiri wakemia, lakini shahada ya kwanza inawatosha, sitakaa hapo.

Wapi usome? Nchini una Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Arusha wana sababu ya kijiografia ya kuwa wazuri kwenye maji: floraidi ya miteremko ya Meru imewapa watu meno ya kahawia kwa vizazi, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kituo cha Ngurdoto kilishafanya kazi nyingi za kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Lakini usichague chuo kwa jina. Chagua msimamizi na mashine. Kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, tumia siku zako za mapumziko, panda basi, nenda mwenyewe maabarani. Usianzie ofisini, anzia kwa fundi wa maabara. Msalimie vizuri, muulize AAS ilitumika mara ya mwisho lini, taa ya zebaki ipo, gesi inatoka wapi na nani anailipia. Kisha tafuta wanafunzi wa uzamili wa mwaka wa pili na uwaulize msimamizi wao anachukua muda gani kurudisha sura ya tasnifu. Wiki mbili ni sawa. Miezi mitatu, kimbia. Programu inaandikwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na anayeifanya iwe minne mara nyingi si mwanafunzi.

Kuhusu nje ya nchi, kila nchi ina mlango wake. Marekani vyuo vingi huchukua wanafunzi wa uzamivu wa kemia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na huwalipia ada na posho kwa kufundisha maabara za wanafunzi wadogo. Ni miaka mitano au zaidi, lakini huuzi shamba la mtu. Ujerumani uzamivu mara nyingi ni ajira yenye mshahara, ila wanataka uzamili kwanza, na DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa wasomi, wana ufadhili hata wa kusoma ndani ya ukanda wetu. Afrika Kusini wataangalia kama una mwaka wa ziada kati ya shahada ya kwanza na uzamili, kwa hiyo uliza kabla. Uingereza uzamili ni mwaka mmoja na ni ghali. Bila ufadhili kama wa Jumuiya ya Madola, usiugharamie mwenyewe. Ukimwandikia profesa yeyote, barua iwe ukurasa mmoja: chapisho lake moja ulilolisoma kweli, swali lako la marudio, mashine unayoimudu. Zile barua za "dear sir, I am hardworking" zinafutwa kabla ya chai.

Basi, uache kazi? Usiache kwa hasira ya zamu. Mkataba wako ni wa mwaka mmoja mmoja, na hiyo, pamoja na ubaya wake, ni faida hapa: una tarehe ya kuondoka isiyovunja chochote. Tumia mkataba uliobaki kutembelea maabara mbili, kuandika kurasa tatu za pendekezo la utafiti, kuomba nafasi na ufadhili, na kuweka akiba ya miezi sita ya chakula na pango, kwa sababu posho za utafiti huchelewa hata zikiwa zimeahidiwa. Udahili na msimamizi vikipatikana, usisaini upya. Visipopatikana, saini, uombe tena mwakani. Mwaka mwingine kwenye AAS haukuharibii kitu. Kusoma huku ukifanya zamu Geita nakukataza. Masomo ya darasani unaweza kuyaiba usiku, maabara haiibiwi.

Mama mweleze hivyohivyo, kwa tarehe na kwa hesabu. Wazazi wetu hawaogopi shule, wanaogopa mtoto kurudi nyumbani akiwa hana la kusema.

La mwisho, sampuli za mgodini. Hapana, si bila barua. Sampuli ile, namba ile, hata njia ile ya upimaji ni mali ya mwajiri, na yawezekana mkataba wako una kipengele cha usiri ambacho ulikisaini siku ya kwanza bila kukisoma. Tasnifu huwekwa maktaba na mtandaoni, kila mtu anaisoma. Ukichukua kichupa kimoja mfukoni "kwa ajili ya shule", utapoteza kazi, jina, na huenda shahada yenyewe. Ukitaka data ya mgodi, mwombe meneja kwa maandishi, sema wazi itachapishwa, na usubiri jibu la maandishi. Ila kwa swali nililokupendekeza huhitaji sampuli yao. Wachenjuaji wadogo wako nje ya uzio. Nenda kwa kupitia ofisi ya madini ya mkoa na serikali ya kijiji, uwe na kibali cha utafiti, waeleze wenye matangi unapima nini na kwamba majina yao hayataandikwa. Na vaa glavu. Kule hakuna afisa usalama wa kukukumbusha.